Barua ya Wazi kwa Mashirika ya Ndege: Turuhusuni Kuingilia Mji Mmoja na Kutokea Mwingine

Kwa: Wakurugenzi wa mipango ya pointi na wateja wa kudumu wa Ethiopian Airlines, Kenya Airways, Brussels Airlines na Air Congo

Nakala: Wizara ya Uchukuzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kinshasa; na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha

Yah: Matumizi ya pointi na vocha za msafiri mwenza kwa wasafiri wa Kasongo na Kabambare

Waheshimiwa,

Barua hii ina hoja moja. Kwa mtu ambaye kwao ni Kasongo au Kabambare, safari ya kawaida ya kwenda nyumbani ni ile ya kuingilia mji mmoja na kutokea mji mwingine, na mipango ya pointi ya mashirika ya ndege haina budi kuitambua hivyo. Katika mipango mingi duniani, safari ya aina hiyo bado huhesabiwa kuwa jambo la pembeni. Ukurasa wa kukatia tiketi unauliza mji wa kwenda na tarehe ya kurudi, basi. Anayetaka kurudi kutoka mji mwingine huambiwa apige simu, na simu hiyo mara nyingine ina ada yake. Vocha ya msafiri mwenza, ile inayompa mteja kiti cha pili bila kutoa pointi nyingine, mara nyingi huwa imefungwa kwenye safari ya kwenda na kurudi ya mji mmoja. Safari ninayoitetea nitaiita safari ya milango miwili. Nitaeleza kwa nini huku kusini mwa Maniema ndiyo safari yenye akili, kwa nini kanuni zinazoibana zilitungwa kwa ramani isiyo yetu, na nini mnachoweza kubadilisha bila kupata hasara.

Tuanze na ramani. Kwa mstari ulionyooka, Kasongo iko takriban kilomita 185 kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo. Kabambare iko kama kilomita 280 kutoka Kindu hiyohiyo, lakini ni kama kilomita 215 tu kutoka Kalemie, umbali kama huo kutoka Kigoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na 235 hivi kutoka Bujumbura. Viwanja vitatu vya ndege, katika nchi tatu, viko karibu na Kabambare kuliko uwanja wa mji mkuu wa jimbo lake lenyewe. Ukiurefusha mstari huo hadi kwenye miji mikubwa, Kabambare iko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko Kinshasa, ingawa ni kwa makumi machache ya kilomita. Kasongo nayo ina kama kilomita 1,250 hadi Kinshasa na 1,400 na ushei hadi Dar es Salaam. Eneo hili liko katikati ya bara kwelikweli, na hakuna uwanja mmoja unaoweza kudai kuwa ndio mlango wake. Inaweza kuwa Kinshasa, Lubumbashi, Bujumbura au Dar es Salaam, kutegemea msimu, usalama, mfuko wa msafiri na ndugu anaokwenda kuwaona.

Na mstari ulionyooka haumbebi mtu. Anayeshukia Bujumbura huvuka hadi Uvira, hufuata ufuo wa ziwa hadi Baraka, hupanda Fizi na Lulimba ndipo aingie Kabambare, kisha aelekee magharibi hadi Kasongo. Anayeshukia Lubumbashi ana reli ya shirika la SNCC inayopita Kabalo na Kongolo kuelekea Kindu. Hushuka Samba, upande wa magharibi wa Lualaba, kisha autafute mto na kivuko chake. Anayeshukia Kinshasa hutafuta ndege ya ndani hadi Kindu, na kutoka hapo ni pikipiki, mzigo umefungwa nyuma kwa mipira na abiria amebanwa kati ya dereva na begi. Kiangazi cha kusini mwa Maniema ni kifupi, takriban Juni hadi Agosti. Mvua zikirudi Septemba, barabara ya udongo iliyopitika kwa siku moja inaweza kula siku tatu au nne, na madaraja ya magogo huondoka na maji. Mtu aliyeingia Julai kwa barabara ya Fizi na anayetakiwa kuondoka Septemba hawezi kuahidi kwamba atapita njia ileile. Tiketi inayomlazimisha arudi Bujumbura ndiyo inayomlazimisha kurudia barabara ambayo kila mwenyeji atamkataza kuipita.

Sababu ya pili ni ya watu, na huenda ina uzito kuliko barabara. Jamaa za Maniema hazikai mahali pamoja. Tangu karne ya 19 watu wa huku wametawanyika kufuata njia za biashara na za kazi, na majina ya mitaa bado yanashuhudia. Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, una familia nyingi zenye asili ya Maniema. Ujiji na Kigoma zina Wamanyema wa vizazi vitano au sita, Tabora na Dar es Salaam vilevile. Katanga ilipofungua machimbo ya shaba, vijana wa Maniema walishuka kwa reli kwenda kufanya kazi, na wajukuu wao leo ni wenyeji wa Lubumbashi. Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata vikawavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi na Kabambare hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Kutoka Nyarugusu wengi wamehamishiwa Marekani, hasa kuanzia mwaka 2015. Hivyo mtu anayefunga safari kwenda kusalimia jamaa hasalimii nyumba moja. Shangazi yuko Buyenzi, kaburi la babu liko Kabambare, mji wa wakwe ni Kasongo, kaka mkubwa ambaye bila yeye hakuna kikao cha mahari anaishi Lubumbashi. Safari inayoanzia Bujumbura na kuishia Lubumbashi inaifuata familia ilivyo. Safari inayoanzia na kuishia Bujumbura inaikata katikati, halafu inamtoza msafiri gharama ya kurudi nyuma.

Historia nayo iko upande wa hoja hii, na inafaa kuikumbuka kwa sababu inaonyesha kwamba jiografia ndiyo inayoamua. Safari kadhaa kubwa zilizopita Maniema ya kusini katika karne ya 19 ziliingia kwa mlango mmoja zikatoka kwa mwingine. Verney Lovett Cameron aliondoka Bagamoyo mwaka 1873, akafika Nyangwe, jirani ya Kasongo, Agosti 1874, akatokea pwani ya Angola Novemba 1875. Henry Morton Stanley aliingilia upande wa Zanzibar, akakutana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, huku Maniema mwaka 1876, akafuata mto hadi Boma mwezi Agosti 1877. Wapagazi wa pwani waliosalimika katika safari hiyo walirudishwa kwao Zanzibar kwa meli, kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Tippu Tip mwenyewe, aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake, alifanya kinyume: mwaka 1887 alipanda meli Zanzibar, akazunguka rasi hiyo hadi kwenye mlango wa mto Kongo na kupanda hadi Stanley Falls, kisha akarudi pwani kwa nchi kavu kupitia nchi ya Maniema na Tabora. Watu hao walitofautiana kwa nia, na baadhi ya nia hizo zilileta maafa makubwa kwa wenyeji. Lakini wote walisoma ardhi ileile wakafikia uamuzi uleule: ukishafika katikati ya bara, kusonga mbele mara nyingi ni kwepesi kuliko kurudi ulikotoka. Mfumo wa tiketi wa leo haujui jambo ambalo msafara wa miguu ulilijua.

Sasa tuangalie pointi zenyewe. Mipango hii ilianza Marekani baada ya serikali yao kuachia bei za ndege mwaka 1978. American Airlines ilizindua AAdvantage Mei 1981 na washindani wakafuata ndani ya siku chache. Kanuni zake zilitungwa kwa msafiri wa biashara anayetoka mji mmoja, anakwenda mji mwingine, analala hotelini na kurudi nyumbani. Baadaye mipango ikaenea dunia nzima, na kwetu tuna ShebaMiles ya Ethiopian, Asante Rewards ya Kenya Airways na Miles & More inayotumiwa na Brussels Airlines. Safari ikabadilika, kanuni ya msingi ikabaki. Hata hivyo kuna mifano inayoonyesha kwamba si sheria ya maumbile. British Airways huruhusu vocha ya msafiri mwenza inayotokana na kadi ya American Express itumike kwa safari ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, na tangu mwaka 2021 vocha mpya zimeweza kutumika hata kwa safari inayoanzia nje ya Uingereza. Familia ya London inayotaka kushukia mji mmoja wa Marekani na kuondokea mwingine baada ya kuzunguka kwa gari hupata haki hiyo kwa sababu ya likizo. Sisi tunaiomba kwa sababu ya mito, mvua na jamaa.

Kikwazo kimoja cha kiufundi kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kanuni za nauli zinaporuhusu safari ya milango miwili, kwa kawaida huweka kikomo cha pengo, yaani umbali kati ya mji wa kushukia na mji wa kuondokea, ambao msafiri huumaliza kwa njia zake. Baadhi ya kanuni husema pengo lisizidi urefu wa safari ya anga iliyo ndefu, nyingine husema lisizidi ile iliyo fupi. Kikomo hiki hakimsumbui anayetoka Ulaya: Brussels hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 6,000, na pengo kati ya Bujumbura na Kinshasa ni kama kilomita 1,550. Lakini mchukueni msafiri anayeanzia Nairobi, anayetaka kushukia Bujumbura na kuondokea Lubumbashi. Nairobi hadi Bujumbura ni kama kilomita 870 kwa mstari ulionyooka. Bujumbura hadi Lubumbashi ni kama 940. Pale pengo linapopimwa kwa safari iliyo fupi, mtu huyu anakataliwa kwa sababu ya kilomita 70, ingawa anasafiri kwa ndege za shirika moja, katika miji ambayo shirika hilo linatua, kwenda kwa jamaa waliokaa katika mstari huohuo. Kanuni hiyo iliwekwa kuzuia watu kuunganisha safari mbili zisizohusiana ili kukwepa nauli. Hapa inamzuia mtu mwenye safari moja.

Kuna jambo jingine ambalo miaka ya karibuni imelifanya kuwa la dharura. Katika ukanda huu mlango unaweza kufungwa kwa usiku mmoja. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Aprili mwaka huohuo safari za Kenya Airways kwenda Kinshasa zilisimamishwa baada ya wafanyakazi wake kukamatwa, zikarejea Mei. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma na uwanja wa ndege ukafungwa. Katikati ya Februari Kavumu, uwanja wa Bukavu, nao ukaanguka, na mwezi huohuo Kongo ikafunga anga yake kwa ndege za Rwanda. Aliyekuwa ndani ya nchi wakati huo akiwa na tiketi ya kurudi kupitia Goma alihitaji kitu kimoja tu: kuhamishiwa mlango mwingine. Anayesafiri kwa tiketi ya fedha ana angalau nauli ya kudai. Anayesafiri kwa pointi, na zaidi yule aliyeketi kwenye kiti cha vocha, hutegemea kama kuna kiti cha tuzo kilichobaki kwenye ndege ya mji mwingine na kama kanuni ya vocha inakubali mji huo. Mfumo uliojengwa kwa milango miwili tangu mwanzo ungemhamisha bila mjadala.

Najua jibu ambalo wataalamu wenu watalitoa kwanza: mteja akate tiketi mbili za kwenda tu, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Ni jibu lenye ukweli, na pale mpango unapotoza nusu ya pointi kwa kila upande, humfaa msafiri wa peke yake. Lakini lina mapungufu matatu. Kwanza, mipango mingine hutoza tiketi ya upande mmoja zaidi ya nusu, kwa hiyo mteja analipia pengo ambalo shirika halikumbebea chochote. Pili, vocha nyingi za msafiri mwenza hazikubali tiketi ya kwenda tu, na vocha ndiyo inayofanya mama mzee aweze kusindikizwa au watoto wawili waende na mzazi mmoja. Tatu, tiketi mbili ni mikataba miwili. Anayeomba viza au anayesimama mbele ya ofisa wa uhamiaji huulizwa tiketi ya kurudi, na karatasi mbili zenye namba mbili humtia mashakani bure. Safari ya kuja ikivurugika, shirika halina wajibu juu ya ile ya pili. Tiketi moja yenye milango miwili humaliza yote matatu.

Pingamizi la pili ni la fedha: kwamba ukarimu huu utawagharimu. Sidhani, na ushahidi ni mwenendo wa mashirika yenyewe. Pointi ni biashara. Benki na kampuni za kadi huzinunua kwa jumla na kuwagawia wateja wao, shirika linapokea fedha leo na kutoa kiti kesho. Korona ilipozisimamisha ndege mwaka 2020, shirika la ndege la United lilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa MileagePlus, na Delta ikapata bilioni 9 kwa SkyMiles. Mwaka uliofuata American ikapata bilioni 10 kwa AAdvantage. Wakopeshaji hawakuwapa fedha hizo kwa sababu ya ukarimu. Waliona mali. Na kwa upande wa mteja, pointi alizokwisha kuzipata ni deni lenu kwake, na dawa ya deni ni kulipa. Kiti cha kurudi kutoka Lubumbashi si ghali kuliko kiti cha kurudi kutoka Bujumbura kwa kuwa tu abiria alishukia kwingine. Ikiwa jedwali lenu linatoza pointi zaidi kwa mji fulani, tozeni nusu ya kiwango cha kila mji. Hatuombi punguzo. Tunaomba hesabu ya haki ya safari iliyofanyika.

Wengine watauliza kama wasafiri wa aina hii ni wengi kiasi cha kubadilishiwa kanuni. Watasema kwamba mkulima wa Kabambare hana kadi ya pointi, na ni kweli hana. Lakini kadi iko mfukoni mwa binti yake. Wakongo waliopokelewa Marekani kutoka Nyarugusu na kwingineko walisafirishwa kwa tiketi za mkopo usio na riba, uliotolewa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, nao huulipa kidogo kidogo baada ya kufika. Tiketi ya kwanza ya ndege katika maisha yao ilikuwa ya kwenda tu, na ilikuwa deni. Miaka mitano au zaidi baadaye wengi wamepata uraia, wanafanya kazi kwenye maghala, viwanda na nyumba za wazee, wana akaunti za benki na kadi zinazozaa pointi. Ongezeni wafanyabiashara wa Bukavu na Lubumbashi wanaokwenda Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa, na wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Wote hawa wanakusanya pointi, na swali lao kubwa ni kama zitawafikisha kwao. Na hoja hii haiishii Maniema. Watu wa Fizi, Kalemie, Kongolo na Shabunda wana ramani ileile. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na Jumuiya ambayo msafiri wake hawezi kuingilia nchi moja mwanachama na kutokea nyingine kwa tiketi moja ya tuzo bado ina kazi ya kufanya.

Pingamizi la tatu linahusu udanganyifu: kwamba mkilegeza kanuni, madalali watauza pointi na vocha kwa watu wasiojuana. Hofu hii ni halali, lakini tiba yake ni kumtambua mtu, na kumbana njia hakusaidii. Dalali huuza tiketi ya kwenda na kurudi ya mji mmoja kwa wepesi uleule. Hapa ndipo maana ya familia inapohitaji kuangaliwa. Flying Blue ya Air France na KLM huruhusu pointi kuunganishwa kati ya watu wazima 2 na watoto wasiozidi 6. British Airways huwaunganisha watu wanaoishi kwenye anwani moja. Familia ya Maniema haina umbo hilo. Bibi aliyewalea wajukuu yuko Kasongo, mjukuu anayelipa yuko Kentucky, na mjomba anayempeleka bibi uwanjani yuko Kalemie. Mruhusuni mwenye akaunti aandikishe watu wanane kwa majina na hati zao, bila sharti la anwani, na orodha isibadilishwe kwa mwaka mzima. Dalali hawezi kuishi kwa orodha iliyofungwa mwaka mzima, bibi anaweza.

Pingamizi la mwisho ndilo lililo zito kuliko yote, na mtu mwenye dhamiri hawezi kulipita haraka. Ofisa wa usalama anaweza kusema: pengo kati ya Bujumbura na Lubumbashi, au kati ya Bujumbura na Kindu, linapita katika maeneo yenye makundi yenye silaha, shirika la ndege lisionekane kuwapeleka watu humo. Ni kweli kwamba barabara za Fizi na Salamabila zimemwaga damu. Lakini shirika halimpeleki mtu Kabambare. Anakwenda kwa sababu mama yake yuko huko, na atakwenda kwa tiketi ya aina yoyote. Mnachoamua ninyi ni kama baada ya kufika atakuwa huru kuchagua njia ya kutoka iliyo salama wiki hiyo, au atalazimika kuirudia ile aliyoijia, mara ya pili, kwa tarehe aliyoandikiwa miezi mitatu kabla. Anayejali usalama wake atampa njia ya pili. Na msitegemee kwamba pengo litazibwa na ushirikiano wa tiketi. Kwa muda mrefu mashirika yote yaliyosajiliwa Kongo yamekuwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Air Tanzania iliongezwa Desemba 2024, na mwaka 2025 yakafuata mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Maana yake ni kwamba shirika la Ulaya haliwezi kuiunga safari ya ndani ya Kindu au Kigoma kwenye tiketi yake kwa wepesi. Sehemu hiyo msafiri ataimaliza mwenyewe, na ndiyo sababu ni lazima iachwe wazi.

Kwa hiyo ninawaomba mambo matano. Mosi, kila upande wa safari ya pointi uhesabiwe peke yake kwa nusu ya kiwango cha mji wake, na safari ya milango miwili ikatike kwenye tovuti na kwenye ofisi zenu bila ada ya ziada. Pili, vocha ya msafiri mwenza ikubaliwe kwa safari hiyo, kwa pande zote mbili, na iweze kuanzia Kinshasa, Lubumbashi au Bujumbura, ili mzazi naye aweze kwenda kumtembelea mtoto. Tatu, Kinshasa, Lubumbashi, Bujumbura, Kigali, Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam zihesabiwe kuwa kanda moja isiyo na kikomo cha pengo. Nne, uwanja au mpaka ukifungwa kwa vita, ugonjwa au amri ya serikali, abiria wa pointi na wa vocha ahamishiwe mlango mwingine wa kanda hiyo bila kungoja kiti cha tuzo. Tano, orodha ya familia ifuate watu walioandikishwa na mwenye akaunti, bila sharti la anwani. Kwa Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024 na ambayo Ethiopian inamiliki asilimia 49 ya hisa zake, ninaongeza ombi moja: pointi za mbia huyo zitumike kikamilifu kwenye safari za ndani, kwa sababu kila kipande cha pengo kinachofunikwa kwa ndege ni siku kadhaa za barabara zinazookolewa.

Ethiopian na Kenya Airways tayari zinatua Lubumbashi na Bujumbura. Brussels Airlines tayari inatua Kinshasa na Bujumbura. Ndege zipo, viti vipo, na pointi zimekwisha kulipiwa na watu wanaofanya kazi za usiku ili waweze kwenda kuzika, kuoa na kuwaona wazazi wao. Kilichobaki ni kanuni, na kanuni iko mikononi mwenu. Shirika litakalokuwa la kwanza kuibadilisha litapata wateja wa Maniema, wa Kivu ya Kusini na wa Tanganyika kwa pamoja, na litawapata kwa kizazi kizima, kwa sababu watu hawa huambiana njia na huifuata iliyowafikisha wenzao. Jaribuni kwa mwaka mmoja katika kanda hiyo, hesabuni mapato na viti, kisha mtangaze matokeo hadharani.

Wenu katika kuitetea haki ya msafiri,

Mwandishi wa barua hii,
Kasongo, Maniema